Mteremko wa Pili

Msimu umekwisha na mwanangu bado ana shingo yake. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililokuwa nikiliomba tangu Novemba, na sasa nimelipata, na nimekaa jikoni kwangu hapa Tumba, pembeni mwa Stockholm, nikinywa chai kwa raha ambayo sikuijua majira yote ya baridi. Mke wangu anasema nimeanza tena kupiga mluzi asubuhi. Mimi hata sikujua kwamba nilikuwa nimeacha.

Mchezo wenyewe unaitwa skeletoni. Asiyeujua, na mimi nilikuwa hivyo, afikirie njia ya barafu iliyojengwa mlimani kama mfereji mrefu wenye kona nyingi. Kwenye njia hiyohiyo hushuka bobu, chombo ambacho watu huketi ndani yake, na hilo angalau naweza kulielewa, kwa kuwa mtu ameketi. Skeletoni si hivyo. Mchezaji anakimbia ameinama, ameshika sleji ndogo isiyo na usukani wala breki, kisha anajitupa juu yake kifudifudi na kutanguliza kichwa. Kidevu kinakaribia kugusa barafu. Anashuka kwa kasi ya gari kwenye barabara kuu, na huyo anayeshuka ni binti yangu.

Alikuwa mkimbiaji wa mbio fupi. Tangu akiwa na miaka kumi nilikuwa nikimpeleka mazoezini, nakaa kwenye benchi na koti langu, namtazama akitoka kwenye mstari kabla wenzake hawajainua vichwa. Siku moja akaja mwanamume mrefu wa mambo ya bobu, anatafuta wasichana wanaoondoka kwa kasi ili wasukume. Binti yangu akasukuma bobu msimu mmoja, kisha kocha akaona ni mwepesi na haogopi, akamhamishia kwenye skeletoni. Nilipoambiwa nilinuna siku tatu. Siku ya nne nikamwambia kwamba sikuvuka mipaka miwili na kukaa kambini miaka tisa ili mtoto wangu ajitupe mlimani kwa hiari yake. Nilisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya baba. Yeye akanijibu kwa Kiswidi, kama anavyonijibu siku zote, kwamba ni raha, baba, ni raha tu. Nilikuwa nimejiandaa kwa majibu mengi lakini hilo sikulitarajia.

Stockholm haina njia ya barafu ya namna hiyo. Kiangazi wanasukuma sleji ya magurudumu kwenye reli, na Novemba ikifika wanapakia gari na kuondoka: Latvia, Ujerumani, Austria, Uswisi, Norway, halafu wanazunguka tena. Mashindano yanaonyeshwa kwenye mtandao, na mke wangu alitazama yote. Mimi sikutazama hata moja. Zamu ya binti yetu ikikaribia nilikuwa natoka nje ya nyumba, nasimama kwenye ngazi za jengo nikisoma matangazo ya chumba cha kufulia ambayo niliyajua kwa moyo. Baada ya muda mlango unafunguliwa na mke wangu anasema, "Amefika." Neno hilo moja lilinitosha. Nilikuwa narudi ndani na kuuliza habari za chakula, kana kwamba nilikuwa nimetoka kutupa taka.

Kuna kanuni moja ya mchezo huu ambayo lazima niieleze. Kila siku ya mashindano kuna miteremko miwili, lakini si kila mtu anashuka mara mbili. Baada ya mteremko wa kwanza, ishirini wenye kasi zaidi ndio wanaorudi juu kwa mteremko wa pili, na waliobaki wanavua kofia zao na kwenda kuoga. Binti yangu alikuwa anaoga mapema. Latvia alikuwa wa ishirini na nne. Ujerumani wa ishirini na tatu. Austria akawa wa ishirini na moja, nafasi ile ambayo nadhani iliwekwa duniani kumkera mtu. Uswisi aligonga ukuta wa barafu akavimba bega, na juu ya matokeo ya siku ile hatukuzungumza.

Mwisho wa Februari kocha akamwambia waziwazi: shindano lililobaki ni moja, la Norway. Akipata mteremko wa pili, atabaki kwenye kikosi msimu ujao. Asipopata, nafasi yake itapewa msichana mwingine anayesubiri. Binti akamwambia mama yake, mama yake akaniambia mimi tukiwa tunaosha vyombo. Nitasema ukweli, kwa sababu sasa naweza kuusema. Nilipolisikia lile, kitu ndani yangu kilifurahi. Nilifikiri: basi, ashindwe tu, arudi nyumbani, atafute kazi ya kukaa kwenye kiti. Kisha nikaona aibu, nikaisugua sufuria ileile mpaka mke wangu akaninyang'anya.

Kazini Kista, upande wa pili wa jiji, ninakotengeneza milango na taa kwenye jengo la ofisi, walinisumbua kwa upendo. Mainjinia walikuwa wanamtazama kwenye simu zao na kuniambia kwa Kiswidi kwamba wanajivunia. Aliyenimaliza ni Mkenya mmoja anayesafisha ghorofa za juu. Huyo alikuwa ananitafuta kila Jumatatu.

"Mzee, nilimwona msichana wako. Anaingia huko ndani kama barua inapita chini ya mlango. Sasa breki iko wapi?"

"Hakuna breki."

"Hakuna breki, na wewe umekaa hapa unakula?"

Nilikuwa nimekaa pale ninakula, ni kweli. Lakini asichojua ni kwamba nami nilikuwa na mkono wangu katika jambo lile, na hapa ndipo habari yenyewe inapoanzia.

Chini ya sleji kuna vyuma viwili virefu, vya mviringo, ambavyo ndivyo vinavyogusa barafu. Vinafunguliwa na kufungwa kwa skrubu. Kila mchezaji ana jozi ya mazoezi, ambayo inakwaruzika, na jozi ya siku ya mashindano, ambayo inatunzwa kuliko mtoto mchanga. Hivyo vya mashindano lazima vikwanguliwe kwa msasa kwa mkono, kwanza msasa mkali, halafu laini, halafu laini zaidi, mpaka vinang'aa na ukipitisha ukucha haukwami popote. Kazi ya saa nyingi. Vijana wa kikosi hawana subira nayo. Mimi nilijifunza ufundi wa chuma Kigoma, katika karakana ya mjomba wangu, na subira ya chuma ninayo hata kama ya watu sina. Baada ya mashindano ya Latvia binti aliniletea vile vyuma, akaviweka mezani. Nikavishika. Nikaona alama za msasa zimepita huku na huku kama kuku walivyopekua, nikasema nani amefanya ushenzi huu. Akacheka. Toka siku hiyo kazi ikawa yangu.

Nilifunga jiliwa, kibanio cha fundi, kwenye meza ya jikoni, nikaweka vipande vya ngozi ili meno yake yasiume chuma, na kila walipopita Stockholm kati ya nchi na nchi niliketi pale nikasugua, upande mmoja tu, kutoka mbele kwenda nyuma. Jambo lililonishinda kulizoea ni moja. Mjomba alikuwa mkali sana kuhusu mafuta. Hatukufunga karakana kabla ya kila chuma kupakwa, kwa sababu ya kutu. Hapa mafuta ni haramu. Kocha alinieleza mara mbili, polepole, kama anayezungumza na kiziwi: vyuma haviruhusiwi kupashwa moto na haviruhusiwi kupakwa kitu chochote, si mafuta, si nta. Vinakaguliwa kabla ya mteremko na vinaweza kukaguliwa baadaye. Anayekutwa na kitu anaondolewa, na jina lake linabaki la mdanganyifu. Nilielewa. Nilikuwa navifuta kwa kitambaa kikavu na kuvifunga kwenye kanga ya zamani ya mke wangu.

Wiki moja kabla ya Norway binti alikuja nyumbani siku mbili. Nilifanya kazi ile vizuri kuliko wakati wowote. Nilikuwa nasugua na huku nimetamani ashindwe, na kwa sababu nilikuwa na aibu ya kutamani hivyo nilizidi kusugua, na mwisho wake vyuma vilitoka vizuri sana hata nikauona uso wangu ndani yake, umerefuka na una pua mbaya.

Jumamosi jioni wakaja watu wa maombi. Sisi tuna kikundi kidogo, Warundi wengi wao, Wakongo kadhaa, mume na mke kutoka Rwanda, na dada mmoja wa Uganda, na kinachotuunganisha ni Kiswahili, kila mtu na chake. Mtu akisafiri, wanakuja kumwombea. Na wakiomba, wanapaka mafuta. Ni desturi ambayo sikuikuta kwetu utotoni, lakini huku ughaibuni imekuwa kama chai. Nimeona mafuta ya zeituni yakipakwa kwenye funguo za gari jipya, kwenye pasipoti, kwenye bahasha ya idara ya uhamiaji kabla haijafunguliwa. Mwenye chupa ni mama mmoja mzee wa Uvira, upande wa Kongo, tunayemwita Koko, yaani bibi kwa lugha ya kwao. Amepita miaka sabini, anapanda treni peke yake kutoka Jakobsberg na begi lake la mgongoni, na hakuna anayembishia.

Alimkalisha binti yangu karibu naye.

"Sasa weye, unaendaka kichwa mbele kweli?"

"Ndiyo, Koko."

"Na hauogopake?"

"Kidogo, mwanzoni. Halafu inakuwa kimya."

Waliposimama kuanza maombi mimi nikasema nakwenda kuchemsha chai. Huwa nafanya hivyo. Maombi yao ni marefu na mimi magoti yangu yamechoshwa na kutengeneza milango kutwa nzima, hiyo ndiyo sababu ninayoitoa. Vyuma nilikuwa nimeviacha sebuleni juu ya kabati, vimefungwa kwenye kanga. Nikachemsha chai ya maziwa sufuria nzima, nikakata mandazi ambayo hayakuhitaji kukatwa, nikangoja mpaka niliposikia amina ya mwisho. Niliporudi walikuwa wameketi, wanacheka, na kanga iko juu ya kabati imefungwa. Jumapili mchana gari la kikosi lilimchukua binti yetu kwenye maegesho ya kituo cha treni, na nikaviweka vyuma mimi mwenyewe mapajani mwake.

Shindano lilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, maana siku za mashindano sifai kwa kazi yoyote yenye ngazi. Mke wangu alitoka zamu yake katika nyumba ya wazee, akaoga, akakaa mbele ya kompyuta na uji wake. Alikuwa mtulivu mno. Kwa kawaida siku kama hiyo hata kijiko hakishiki.

"Leo unakula?" nikamwuliza.

"Leo sina wasiwasi, Baba. Koko aliniondolea. Si alivipaka vile vyuma."

Nikamwuliza vyuma vipi.

"Vile vyako. Alisema tuvifungue. Akavipaka vyote viwili, kutoka mwanzo mpaka mwisho, akasema pale ndipo mtoto anapolalia. Mimi ndiye niliyevifunga tena."

Nilikaa chini. Nilikaa kwenye kiti ambacho kilikuwa na nguo zilizopigwa pasi, na mke wangu, ambaye kwa nguo zilizopigwa pasi anaweza kuvunja ndoa, aliniacha nikae, kwa sababu alikuwa ameuona uso wangu. Nikamweleza. Nikamwambia kwamba mafuta yale ni sawa na kuiba. Nikamwambia kwamba hiyo ndiyo jozi ya mashindano, haikufungwa kwenye mazoezi ya wiki nzima, na labda inafungwa sasa hivi. Nikamwambia kwamba mtoto wetu, mweusi pekee pale juu mlimani, atakutwa na mafuta ya zeituni kwenye vyuma vyake mbele ya kamera, na nani ataamini kwamba ni maombi.

Uji ukaanza kuganda. "Kwa nini hukuniambia kwamba ni marufuku?" aliniuliza.

"Kwa nini hukuniita?"

"Ulikuwa unachemsha chai. Wewe kila tukiomba unachemsha chai."

Hilo lilikuwa kweli na halikunisaidia. Nilipiga simu ya binti. Imezimwa, kwani siku ya mashindano huizima asubuhi. Nikampigia kocha, inaita, haipokelewi. Nikamwandikia ujumbe kwa Kiswidi, kuna mafuta kwenye vyuma, futa, kosa ni letu si lake. Vidole vilikuwa vinakosea herufi. Nikauandika tena. Nikaandika na kwa Kiingereza, nisije nikawa nimesema kitu kingine. Nilimkasirikia Koko, nikamkasirikia mke wangu, nikaikasirikia mizeituni popote ilipo. Na chini ya hasira hizo zote kulikuwa na jambo nililokuwa nalijua vizuri: nilitamani ashindwe, na sasa atashindwa, na atashindwa kwa namna mbaya kuliko niliyoitamani, na mkono ulioviacha vile vyuma juu ya kabati ni wangu. Sikuwahi kumtakia hilo. Dakika ile ningempa miteremko yote ya dunia.

Sikutoka kwenda kwenye ngazi. Nilitaka kutoka, miguu yenyewe ilikuwa imeshaelekea mlangoni, lakini ilinibidi nione kama watamruhusu kusimama pale juu. Nikakaa kwenye sofa karibu na mke wangu. Wasichana wakapita mmoja mmoja, wa Ujerumani, wa Austria, wa Latvia, na kila mmoja alipojitupa nilifumba jicho moja. Kisha mtangazaji akalitamka jina letu vibaya, kama wanavyolitamka wote, na mwanangu akatokea kwenye kibanda cha juu na kofia yake ya chuma, sleji mkononi.

"Wamemruhusu," mke wangu akasema.

"Wanaweza kukagua tena chini," nikasema. "Usifurahi."

Akainama. Akaondoka. Ule mwondoko niliujua, ni uleule niliokuwa nautazama kutoka kwenye benchi miaka yote ile, magoti yanaruka juu kabla mtu hajafikiri. Akajitupa na akawa amelala, na hapo ikaanza sehemu ambayo sikuwahi kuiona. Nilikuwa nimedhani kutakuwa na kelele na kurukaruka. Hakukuwa na kitu cha namna hiyo. Alikuwa ametulia. Kona ikimjia alikuwa anapanda ukuta wa barafu na kushuka kana kwamba amebebwa, na ukitazama vizuri unaona bega moja linabonyea kidogo, au ncha ya kidole cha mguu inagusa barafu mara moja na kuondoka. Ndivyo anavyoendesha. Nilikuwa nimeamini kwamba anaanguka mlima mzima na kwa bahati njema anafika. Kumbe alikuwa anafanya kazi. Nimeishi na mafundi, namjua mtu anayefanya kazi yake nikimwona. Katikati kuna kona moja ndefu ambapo aligusa ukuta, nikasikia mlio wa chuma, na mke wangu akanibana mkono hadi pete yake ikaniumiza. Akanyooka tena. Ilichukua chini ya dakika moja, na akafika.

Alikuwa wa kumi na tisa.

Mke wangu alipiga kelele za furaha, kisha akajizuia akaniangalia. Tulikaa kama watu wanaongoja daktari. Wasichana wawili wa mwisho wakashuka na hawakumpita. Orodha ikatoka, ishirini wa mteremko wa pili, na jina lake lilikuwepo. Nusu saa nzima nilikuwa nasukuma ukurasa chini na juu nikingoja lifutwe. Akashuka mara ya pili. Ile kona ndefu safari hii hakuigusa. Akamaliza wa kumi na saba, akasimama, akavua kofia, nywele zake zimelowa jasho, akacheka na mtu ambaye kamera haikumwonyesha. Matokeo rasmi yakatoka na jina lake lilikuwa palepale, wa kumi na saba, limeandikwa sahihi.

Simu iliita baada ya saa moja.

"Pappa," akasema, "umenitumia ujumbe kumi na moja."

"Vile vyuma," nikasema.

Akaanza kucheka. Alizungumza Kiswidi chake cha haraka na mimi nikashika kila neno. Alisema Jumatatu alipofungua ile kanga alinusa kabla hajaona. Amekulia nyumba ile. Alisema wakati wa mtihani wake wa shule ya msingi walipaka hata kalamu. Alivifuta kwa dawa ya kuondolea mafuta mara tatu, akampa kocha avikague, na kocha akavikagua, na hakuna aliyesema lolote zaidi. Siku ya mashindano wakaguzi walivipima na kuvifuta kwa kitambaa chao cheupe, na kitambaa kikabaki cheupe.

"Kwa nini hukuniambia tangu Jumatatu?"

"Ningekuambia ungekuja Norway kwa miguu."

Nilicheka. Halafu nikalia, na sijali nani anajua. Nililia kwa sababu mzigo ulikuwa umetoka, miezi mitano ya mzigo, si ya asubuhi ile tu. Mwanangu alikuwa mzima, nafasi yake alikuwa ameipata kwa mikono safi, na mimi nilikuwa nimefurahi kwamba ameipata. Niliikagua furaha ile kila upande, kama ninavyokagua chuma, na sikukuta mkwaruzo. Mke wangu akanichukulia simu kwa sababu nilikuwa siongei tena.

Jumapili nilikwenda kwenye ibada na kazi moja moyoni, kumwambia Koko asirudie. Si jambo rahisi. Mama kama yule humwambii kwamba mafuta yake yalikaribia kumharibia mtoto maisha. Nilipanga maneno njia nzima. Baada ya ibada nikambebea begi lake, tukatoka pamoja kuelekea kituo cha treni, barabara ina barafu iliyoanza kuyeyuka, na amenishika mkono. Nikamshukuru kwanza. Nikasema mtoto amefanya vizuri. Kisha nikamweleza, kwa kuzunguka sana, kwamba katika mchezo ule vyuma havipakwi kitu, ni sheria, na siku nyingine apake kitu kingine chochote, hata paji la uso.

Akasikiliza mpaka mwisho. Hakuonekana kushtuka.

"Mutoto alivifuta?"

"Alivifuta."

"Alifanya muzuri." Akatembea hatua kadhaa. "Mimi sikuombeaka mutoto siku ile. Mutoto hakukuwa na woga, nilimuuliza, ulisikia. Mwenye woga ni weye. Tukisimama kuomba, unakimbia jikoni. Mwezi muzima unasugua ile vyuma na woga yako. Sasa nikasema, huyu baba hakubali kupakwa, lakini woga yake yote iko pale. Njo maana nikapaka pale."

Tulifika kituoni, tukakaa kwenye benchi la jukwaani, nikaanza kumsimulia jinsi mtoto alivyoshuka. Nilimwonyesha kwa mkono, hapa anainama, hapa anajitupa, kona ya kwanza anaichukua hivi, ya pili hivi. Alitaka kujua kila kitu. Treni yake ilipokuja tulikuwa tumefika kona ya tisa, milango ikafunguka, na yeye, bila kuinuka, akaniambia niendelee.